Shajara ya mradi: mchezo wa ubao wa kukisia wanyama

Januari: lengo na uchaguzi wa mada

Mradi huu unatengeneza mchezo wa ubao wa wachezaji wawili, kwa watoto wenye umri wa miaka sita na kuendelea. Kila mchezaji anaficha kadi ya mnyama mmoja, na mwenzake anamtafuta mnyama huyo kwa maswali yanayojibiwa kwa ndiyo au hapana. Mbele ya kila mmoja kuna fremu yenye vibao 24 vilivyosimama, na baada ya kila jibu mchezaji analaza vile ambavyo haviwezi tena kuwa mnyama anayetafutwa. Umbo hili si geni. Ora na Theo Coster ndio waliobuni Guess Who?, mchezo uliotolewa na kampuni ya Milton Bradley mwaka 1979 ukiwa na nyuso 24 za watu, na michezo mingi ya aina hii iliyokuja baadaye imebadilisha picha tu na kuacha mpango uleule ulivyo.

Hapo ndipo tunapotaka kufanya kazi tofauti. Tunaamini kwamba mada ya mchezo wa kukisia si pambo la kubandikwa mwishoni, bali ndiyo inayoamua maswali gani mtoto ataweza kuyauliza, yapi yatamsaidia, na yapi yatazua ugomvi mezani. Ubao uliochorwa kwa ustadi mkubwa ambao majibu yake yanabishaniwa ni mchezo mbovu, na shajara hii itaupima kila uamuzi kwa kipimo hicho.

Tulizijadili mada kadhaa. Matunda yaliachwa mapema, kwa kuwa watoto huyatofautisha zaidi kwa ladha na rangi, na ladha haichoreki. Nyuso za watu tuliziacha kwa sababu nzito zaidi: katika toleo la awali la Guess Who? wanawake walikuwa 5 tu kati ya watu 24, na jinsia ikageuka kuwa alama ya kuchambulia, sawa na kofia au miwani. Hata kama idadi ingesawazishwa, hatutaki mtoto ajifunze kuwapanga watu kwa ngozi, nywele au pua zao huku akitafuta ushindi. Wanyama wanaweza kupangwa bila kuudhiwa na yeyote, na watoto wanawajua kwa undani unaowashangaza wazazi wao.

Februari: hesabu kabla ya picha

Maswali manne ya ndiyo au hapana yanaweza kutenganisha vitu 16, kwa kuwa kila jibu linagawa kundi mara mbili. Maswali matano yanaweza kutenganisha vitu 32. Vibao 24 vinamtaka basi mchezaji hodari aulize maswali manne au matano kabla ya kuwa na uhakika. Urefu huo unafaa. Vibao 16 vingeumaliza mchezo mapema mno, na 32 vingelazimisha picha ziwe ndogo kuliko inavyofaa kwa macho na vidole vya mtoto wa miaka sita.

Hesabu hiyo, hata hivyo, ina sharti kwamba kila swali ligawe vibao karibu nusu kwa nusu. Sifa waliyo nayo wanyama 12 kati ya 24 huacha vibao 12 vimesimama, jibu liwe ndiyo au hapana. Sifa ya wanyama 8 huacha wastani wa vibao 13.3, kwa sababu katika nafasi 8 kati ya 24 vinabaki 8 na katika nafasi 16 vinabaki 16. Sifa ya wanyama 5 huacha wastani wa 16.1. Kumtaja mnyama mmoja kwa jina tangu mwanzo huacha wastani wa 22.1, yaani swali zima limetumika na ubao karibu wote bado umesimama.

Katika mchezo ule wa 1979 miwani ilivaliwa na watu watano, na kofia vilevile. Mgawanyo wa watano dhidi ya kumi na tisa una raha yake, kwani jibu la ndiyo, likitokea, huangusha vibao 19 kwa mara moja na mtoto hupiga kelele za furaha. Tusingependa kuipoteza raha hiyo kabisa. Kwa sababu hiyo tumeamua kwamba sifa kuu za ubao wetu ziwe kati ya 7 na 13, na kando yake ziwepo sifa chache za wanyama watatu hadi watano, kwa ajili ya mtoto aliyeachwa nyuma na anayetaka kujaribu bahati yake.

Machi: jedwali la sifa

Mwezi huu ulikuwa mgumu kuliko yote, na ndio uliotupa mchezo. Tulichora jedwali lenye wanyama upande mmoja na sifa upande wa pili, tukaanza kuwaingiza na kuwatoa wanyama hadi nguzo zote zikae sawa.

Tatizo kubwa la mada ya wanyama ni kwamba sifa zao huja kwa mafungu. Ndege ana mdomo mgumu, ana miguu miwili, ana mabawa na hutaga mayai. Mtoto akishajua kwamba mnyama ana mdomo wa ndege, swali la pili kuhusu idadi ya miguu halimpi chochote kipya. Kwenye jedwali letu wanyama wenye mdomo wa ndege ni wanne, na wenye miguu miwili ni walewale wanne. Ubao uliojaa mafungu ya namna hii huonekana una maswali ishirini, kumbe una matatu au manne tu yanayojirudia kwa sura nyingine. Dawa yake ni kuwatafuta wanyama wanaovunja mafungu. Popo ana mabawa lakini si ndege. Pengwini na mbuni ni ndege wasiopaa. Pomboo anaishi baharini pamoja na samaki lakini huzaa na kunyonyesha. Kakakuona ananyonyesha pia, ingawa mwili wake umefunikwa magamba kama ya mtambaazi. Wanyama hawa ndio wanaoubeba mchezo, na hatukukubali kumwondoa hata mmoja wao, ingawa tulishauriwa kumbadilisha kakakuona kwa mnyama anayefahamika zaidi.

Orodha iliyopitishwa ni hii: tembo, simba, punda milia, twiga, chui, popo, pomboo, kiboko, kakakuona, sungura, mbuni, pengwini, bundi, kasuku, mamba, kobe, chatu, chura, papa nyundo, pweza, kaa, nyuki, kipepeo na konokono.

Wenye miguu minne inayoonekana ni 11, na waliobaki ni 13. Swali hilo peke yake linakaribia kabisa mgawanyo bora. Kati ya wale 11, watano wana mistari au madoa (punda milia, twiga, chui, kobe na chura) na sita hawana. Kati ya wale 13, saba wana mabawa na sita hawana. Na kati ya wale saba wenye mabawa, wanne wana mdomo wa ndege. Mtoto anayeifuata njia hii hufika kwa mnyama wake kwa maswali matano au pungufu. Kilicho muhimu zaidi ni kwamba hakuna njia moja tu: anayeanza na maji, na anayeanza na madoa, wote wanafika, wakikawia kidogo tu.

Majina mawili katika orodha yanahitaji maelezo. Tulipoanza tulikuwa na nyoka na papa, bila kutaja aina. Swali la mayai lilitoa mgawanyo wa kuvutia: wanyama 12 hutaga bila shaka, 10 huzaa bila shaka, na wawili waliobaki walikuwa ndio hao. Baadhi ya nyoka hutaga na wengine huzaa, na papa hali kadhalika, hivyo kila jibu ambalo mtoto angetoa lingekuwa na haki na pia lingekuwa na makosa. Njia rahisi ingekuwa kulipiga marufuku swali la mayai. Sisi tulichagua kuwataja wanyama kwa aina: chatu hutaga mayai, na papa nyundo huzaa. Swali limebaki, mgawanyo umekuwa 13 kwa 11, na mtoto anapata ukweli wa kweli badala ya nusu yake. Nadhani huu ndio uamuzi ninaouthamini zaidi katika mradi mzima.

Tumeweka pia sharti kwamba wanyama wowote wawili lazima watofautiane kwa sifa mbili au zaidi zinazoonekana kwenye picha. Simba na chui wakikaribiana kupita kiasi, mtoto aliyebakiwa na hao wawili hana la kuuliza isipokuwa jina.

Aprili: picha

Mchoraji alipokea jedwali kabla ya maelezo mengine yoyote, na kazi yake ikawa kuhakikisha kwamba kila sifa iliyomo inaonekana bila kutafutwa. Hilo lilitoa kanuni kadhaa ambazo mwanzoni zilionekana kumbana, lakini ndizo zilizoupa ubao umoja wake.

Wanyama wote wamechorwa kwa ubavu, ili miguu, mkia na umbo la kichwa vionekane pamoja. Tembo akichorwa kwa mbele anapendeza sana, ila mkia wake hupotea, na swali la mkia likaanza kuleta mabishano. Ni papa nyundo pekee aliyegeuzwa kidogo, kwa kuwa kichwa chake kikitazamwa kwa ubavu hakionyeshi upana wake na mtoto hawezi kumtambua. Wote wanatazama upande mmoja. Watoto huuliza lolote wanaloliona, na mnyama mmoja akitazama kulia huku wengine wakitazama kushoto, upande unageuka kuwa sifa ambayo hakuna aliyeikusudia.

Swali la makazi lilikuwa na utata wa aina yake. Mamba anaishi wapi? Chura, je? Kiboko hushinda majini na kutoka usiku kula majani. Hatukutaka kumpa mtoto mzigo wa kuamua. Kila kibao kina mandhari ya aina moja kati ya tatu, yaani maji, ardhi, au hewa na matawi, na kitabu cha maelekezo kinasema wazi kwamba swali la makazi hujibiwa kwa kutazama picha. Waliochorwa majini ni 8, ardhini 11, na hewani au mtini 5. Kiboko, mamba na chura wamewekwa kwenye maji ya kina kifupi, yaliyo angavu kiasi kwamba miguu yote minne inahesabika.

Kuhusu rangi tumekuwa waangalifu sana. Katika jamii zenye asili ya Ulaya ya kaskazini takriban mvulana 1 kati ya 12 na msichana 1 kati ya 200 ana upungufu wa kutofautisha rangi, hasa nyekundu na kijani, na mtoto mwenye hali hiyo mara nyingi hajijui. Kwa hiyo hakuna sifa katika jedwali inayotegemea rangi peke yake. Mandhari ya maji yana mawimbi, ya ardhi yana nyasi, ya hewa yana tawi au wingu, hivi kwamba hata nakala iliyochapishwa kwa wino mweusi tu inachezeka. Tulifanya jaribio hilo kwa makusudi kabla ya kupitisha rangi za mwisho, na ninapendekeza kila anayetengeneza mchezo wa picha alifanye.

Mistari na madoa ndiyo nafasi pekee ambapo mchoraji alikuwa na uhuru wa kuliathiri jedwali. Maumbile hayamruhusu kumpa tembo mabawa, lakini yanamruhusu kuchagua bundi mwenye madoa na kasuku wa rangi tupu, kobe mwenye gamba lenye alama, na chura mwenye mabaka. Wanyama tisa wana mchoro wa namna hiyo mwilini, nao wamesambazwa katika mafungu yote: wanyonyeshao, ndege, watambaao, wadudu na amfibia. Kwa kuwa sifa hii haifuati fungu lolote, ndiyo inayokata vizuri pale nyingine zote zinapokwama.

Mei: majaribio na watoto

Watoto wa miaka sita hadi kumi walicheza wawili wawili, nasi tukikaa kando bila kuwaelekeza.

Wadogo kabisa walianza kwa kutaja majina: ni simba? ni twiga? Jambo hili linafahamika katika utafiti wa makuzi ya watoto. Mosher na Hornsby, katika kazi yao ya mwaka 1966, waliwapa watoto wa miaka 6, 8 na 11 picha 42 na kuwataka waitambue moja kwa maswali. Wa miaka 6 walielekea kukisia kitu kimoja kimoja, na wa miaka 11 walielekea kuuliza maswali yanayopunguza kundi. Mchezo unaoandikwa kwenye kisanduku kwamba ni wa miaka sita, halafu ukamwacha mtoto huyo agundue peke yake mbinu ambayo kwa kawaida huja baadaye, haumtendei haki.

Jibu letu ni kadi za maswali. Kila kadi ina alama moja iliyochorwa: miguu minne, bawa, mdomo wa ndege, wimbi, madoa, yai, meno. Mtoto anayeanza huchagua kadi mkononi mwake na kuiuliza, na anayejiweza huziacha kadi na kuuliza kwa maneno yake. Hatukuandika popote kwamba kadi ni za wadogo, kwa sababu mtoto wa miaka saba anayeambiwa atumie msaada wa wadogo huukataa.

Kadi hizo zimetatua tatizo la pili ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linaloua michezo ya aina hii kuliko lolote: kulaza vibao visivyostahili. Mtoto anaambiwa hapana, naye analaza wale wasio na mabawa badala ya wale walio nayo, na dakika kadhaa baadaye ubao wake hauna mnyama anayelingana na majibu. Hapo huanza shutuma kwamba mwenzake amedanganya. Sasa kila kadi iliyoulizwa inawekwa mbele ya fremu, upande wa ndiyo au upande wa hapana ukiwa juu, na swali la maneno huwekewa kadi tupu yenye pande hizohizo. Ubao ukivurugika, wachezaji wanarudi kwenye safu ya kadi na kuusimamisha upya bila ugomvi. Tangu safu hiyo iwepo tumeona watoto wakijirekebisha wenyewe, jambo ambalo maelekezo yetu ya mdomo hayakuwahi kulifanikisha.

Anayejibu naye alihitaji msaada. Mtoto aliyeshika kadi ya pomboo husema bila kusita kwamba ni samaki, na aliyeshika popo husema ni ndege. Kadi ya siri sasa ina ukanda mdogo chini ya picha wenye mambo yasiyoonekana: hutaga au huzaa, hunyonyesha au la, ana mifupa au hana. Ukanda huo unasomwa na mwenye kadi tu.

Yalibaki maswali ya maoni na ya vipimo: ni hatari? anapendeza? ni mkubwa? Kwa haya tumeweka jibu la tatu. Anayejibu akiona kwamba hawezi kusema ndiyo au hapana bila shaka, anasema "uliza lingine", na muulizaji hapotezi zamu. Swali la ukubwa linakubalika likilinganishwa na kitu kilichopo chumbani, kama vile kiti au mlango. Watoto walilipokea jambo hili haraka na wakaanza kushindana kutafuta vilinganisho.

Wanaojua kusoma waliuliza pia kuhusu herufi za mwanzo, kwa kuwa jina limeandikwa chini ya kila picha. Majina 7 yanaanza na K na 6 yanaanza na P, kwa hiyo maswali hayo si dhaifu hata kidogo. Tumeyaruhusu. Kulikuwa na hoja kwamba yanampita mnyama mwenyewe, lakini mtoto anayesoma majina 24 kwa hiari yake mwenyewe hatuna sababu ya kumzuia.

Juni: vifaa

Vibao ni vya kadibodi ya milimita 2. Ya milimita 1.5 ilijikunja kwenye mhimili baada ya kulazwa na kusimamishwa kwa muda mfupi. Uso umefunikwa utando usiong'aa, kwa sababu ule unaong'aa hurudisha mwanga wa taa na kuwalazimisha watoto kuinamisha vichwa. Pembe ni za duara. Kibao kina upana wa milimita 38 na urefu wa milimita 52: hakiingii katika silinda ya kupimia vipande vidogo, yenye kipenyo cha milimita 31.7, inayotumika katika viwango vya usalama wa vifaa vya watoto kama EN 71 na ISO 8124. Kipimo hicho kimekusudiwa hasa kwa vifaa vya watoto walio chini ya miaka mitatu, na mchezo wetu si wa umri huo, lakini nyumba yenye mtoto wa miaka sita mara nyingi ina mdogo wake anayetambaa chini ya meza.

Migongo ya vibao haina picha, na inaonekana na mpinzani. Tulifikiria kuificha kwa ukuta mdogo, kisha tukaiacha wazi. Mtoto anayeona kwamba mwenzake amebakiwa na vibao viwili anajua kwamba hana nafasi ya swali la taratibu na kwamba inambidi athubutu. Bila kuona hivyo, mwisho wa mchezo hauna msisimko.

Julai: sheria na hali ya sasa

Anayeanza ana faida ya zamu moja, kwa hiyo akipatia kwanza, mwenzake anapewa zamu ya mwisho, na wakipatia wote ni sare. Anayetaja mnyama asiye sahihi hapotezi mchezo ila zamu yake imekwisha. Kanuni kali ya kushindwa papo hapo iliwafanya wadogo waogope kukisia hata walipobakiwa na vibao viwili.

Jedwali, picha zote na kadi za maswali zimekamilika. Kitabu cha maelekezo kipo katika rasimu ya pili na bado ni kirefu. Aya ya makazi inaweza kubadilishwa kwa mchoro mmoja. Kazi ya seti ya pili, ya vyombo vya usafiri, imeanza kwa jedwali tupu, kwa kuwa mafungu yake ni magumu zaidi: chenye mabawa hupaa, chenye magurudumu huenda barabarani, na wavunjaji wa mafungu kama ndege ya kutua majini au baiskeli ya magurudumu matatu ni wachache. Hakuna picha itakayochorwa hadi nguzo zake zikae sawa. Kwa upande wa wanyama, tunasubiri sampuli ya mchapaji ili tuthibitishe kwamba alama za gamba la kobe na madoa ya bundi yanaonekana wazi katika ukubwa halisi wa kibao, kwa umbali wa mkono wa mtoto. Yasipoonekana, mchoraji atayaongeza unene kabla ya uchapaji kuendelea.